Posta Ilitungoja Dirishani, Nduthi Ikaja Mlangoni

Kila nikitaja Posta mbele ya wasee wa rika langu, jibu huwa ni lilelile: "Kwani hiyo kitu bado iko?" Wanacheka, mmoja anaongeza kwamba simu ndiyo iliimaliza na WhatsApp ikaizika, na stori inaishia hapo. Mimi nataka tuifukue hiyo stori. Nimelelewa Eastlands, naishi kwa kutengeneza kontenti na kuuza vitu vidogovidogo mtandaoni, na hakuna wiki inayopita bila kifurushi changu kuwa mikononi mwa mtu nisiyemjua jina. Kwa hivyo nikiongea kuhusu Posta, naongea kuhusu unga wangu. Na kama wewe huuza au hununua chochote kwa simu, naongea kuhusu wako pia.

Msimamo wangu nauweka mapema, usije ukasema nimekuzungusha. Simu iliua barua, sawa. Lakini Posta ilipoteza vifurushi, na hapo simu haina makosa. Ilivipoteza kwa sababu ilizoea kutungoja dirishani, na walipotokea watu wanaokuja hadi mlangoni, ikaendelea kungoja. Sasa hao waliokuja mlangoni wametuletea kasi, lakini kuna kitu kimoja cha Posta ya zamani ambacho hawakukibeba, na kukosekana kwake kunatuumiza.

Barua tuipitie haraka, matanga yake yalishaisha. Mtoto akipata shule ya upili siku hizi, barua yake ya kujiunga inapakuliwa mtandaoni. Mzazi anaenda saiba, analipa kwa kila ukurasa, anatoka nayo ikiwa bado ina joto la mashine. Stima kwa wengi wetu imekuwa tarakimu za tokeni kwenye SMS. Taarifa ya benki huja kwa barua pepe. Pasipoti, cheti cha mwenendo mwema, leseni, vyote unaanzia eCitizen, iliyoanza 2014. Hakuna anayelia. Hata mimi sijui kulamba stempu, na sina mpango wa kujifunza.

Pesa ndiyo iliyotoa damu zaidi. Waulize wazee wa Makongeni na Jericho walivyokuwa wakituma pesa ushago. Unapanga laini, unajaza fomu ya mani oda, unalipa pesa na ada juu yake, unapewa karatasi. Hiyo karatasi unaitia kwenye bahasha, unaituma kwa rejista, inapanda gari hadi Busia au Kitui. Aliye nyumbani anafunga safari hadi posta na kitambulisho chake, na akifika dirishani anaweza kuambiwa pesa taslimu zimeisha, arudi kesho. Wasioweza hiyo safari walimpa dereva wa basi bahasha na kumwachia Mungu. Wenzetu wa Eastleigh walikuwa na hawala yao, neno la mtu kwa mtu, na haikuwa na laini wala fomu. Halafu Machi 2007 M-Pesa ikaingia, na ndani ya miaka michache mani oda ikawa kitu cha kuelezea watoto.

Hapa kuna kichekesho ambacho wengi wetu hatukukijua. Posta na simu zilikuwa nyumba moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Kenya ikaunda Shirika lake la Posta na Simu, KPTC, na likakaa hivyo hadi 1999 lilipogawanywa: Telkom ikachukua simu, Posta ikabaki na barua, msimamizi akawekwa kando, na leo tunamwita Mamlaka ya Mawasiliano. Safaricom yenyewe ilianza kama idara ndani ya nyumba hiyohiyo miaka ya 1990. Kwa hivyo M-Pesa ni mjukuu aliyemchukulia nyanya yake wateja wote. Na wakati wa kugawana mali, Posta ilipewa kile kilichoonekana cha thamani: haki ya peke yake, kwa sheria, juu ya barua nyepesi, stempu na masanduku ya kukodi. Vifurushi na huduma za haraka vikaachwa wazi kwa yeyote mwenye leseni. Yaani sheria iliweka askari kwenye chumba kilichokuwa kinaelekea kubaki tupu, na stoo iliyokuwa inajaa ikaachwa bila hata komeo.

Hebu tuingie kwenye hiyo stoo, kwa sababu ndiko tunakoishi siku hizi.

Chukua msichana wa Umoja Innercore. Saa kumi na moja alfajiri yuko Gikomba, bale za viatu zinafunguliwa, anapigania zile za kamera. Saa nne yuko kejani anasugua soli kwa mswaki, anapiga picha dirishani penye mwanga, anaweka kwenye statasi. Saa saba mteja wa Komarock ametuma pesa. Sasa kiatu kitoke Umoja kiende Komarock. Kwa matatu ni safari fupi tu, lakini kwa kifurushi ni hesabu nzima.

Akitaka haraka, kuna nduthi. Bei wanapatana kwenye simu. Inapanda mvua ikinyesha, na inapanda tena jamaa akisikia sauti yako ina presha. Mteja anatuma lokesheni, jamaa anapotea kidogo, anapiga: "Niko hapa kwa geti ya bluu." Mageti yote ya huo mtaa ni ya bluu. Lakini anafika. Lazima tuwape heshima yao hawa watu, kwa sababu wameijua Kayole na Pipeline kuliko ramani yoyote ya serikali.

Akitaka nafuu, anapeleka kwa ajenti. Hapa ndipo ninapopapenda. Ajenti ni duka la M-Pesa, au saluni, au kibanda cha kuuza chaja, chenye rafu nyuma yake imejaa bahasha za plastiki. Pickup Mtaani wamejenga biashara nzima juu ya wazo hilo, na Jumia nao wana vituo vyao vya kuchukulia mizigo. Kifurushi kinaachwa kwa ajenti wa mtaa wako, kinabebwa hadi kwa ajenti wa mtaa wa mteja, mteja anapata SMS, anakichukua akitoka kazini, hata saa mbili usiku, akiwa na sukuma wiki mkono wa pili.

Kwenda mbali ni mabasi na matatu za safari ndefu: Machakos Country Bus, Tea Room, Nyamakima. Unalipa kaunta, unapewa risiti, unapiga simu upande ule. Na bado kuna njia ya tangu jadi, ya kumpa konda mzigo, kuandika namba ya gari kwenye kiganja, na kumwambia ndugu yako angoje steji.

Sasa mwangalie tena yule ajenti. Ana dirisha, ana rafu, ni mtu mmoja anayejulikana mtaani, na anatunza mzigo mpaka mwenyewe aje. Ndugu yangu, hiyo ni posta. Ni posta kabisa! Na Posta yenyewe ilikuwa nazo hizo rafu kabla mimi na wewe hatujazaliwa: Buruburu ina ofisi na msimbo wake, 00515, Eastleigh ina wake, 00610. Tofauti ni kwamba ajenti anakuandikia SMS na anafunga ukiwa umeshafika nyumbani. Posta inafunga jioni, wakati wewe umesimama kwenye matatu Jogoo Road ukihesabu mataa ya breki.

Usiniambie shida ni jengo au ni watu kutopenda kupanga laini. Huduma Centre zilipoanza 2013, ya kwanza iliwekwa palepale GPO, kwenye makao ya Posta, na watu walifurika. Jengo ni lilelile na jiji ni lilelile. Watu huenda mahali wanapopata wanachokihitaji.

Wala usiniambie Wakenya walikosa akili ya kuisaidia. Karibu miaka kumi iliyopita vijana wawili, Abdulaziz Omar na Twahir Mohamed, walileta MPost: namba yako ya simu inageuka kuwa anwani yako ya posta, na mzigo ukifika unaarifiwa kwa SMS. Posta yenyewe ilishirikiana nao. Wazo lilikuwa zuri na bado ni zuri. Lakini uliza watu kumi kwenye steji ya 58 kama wamewahi kulisikia.

Hili la anwani linanichoma, niruhusu nilipigie kelele kidogo. Hapa kwetu mtu wa posta hakuwahi kuja nyumbani kwa watu wa kawaida. Barua ilikuja kwenye sanduku, na sanduku lilikuwa la mwajiri, la kanisa, la shule, au la mjomba mwenye kazi ya ofisi. Ulikuwa unaandikiwa "kupitia kwa" mtu mwingine maisha yako yote. Mitaa ya zamani kama Kaloleni na Buruburu angalau nyumba zina namba. Njoo Kayole au Pipeline uniambie anwani ya gorofa ya saba, nyumba ya nne, kwenye ploti isiyo na jina, barabara isiyo na kibao. Anwani yetu ni maelezo: shuka Masimba, pita kwa muuza makaa, ukiona kanisa la mabati uliza kwa Mama Fulani. Mpango wa kuipa kila nyumba nchini anwani umezungumzwa miaka na mikaka.

Na bado, fomu ya kuomba PIN ya KRA inakudai sanduku la posta. Bila hilo haiendelei mbele. Kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kupokea barua maishani anakaa saiba akiulizana na jamaa wa kompyuta, "Weka gani?" Wanaweka la shule ya msingi. Wengine wanabuni namba yoyote na kuweka 00100. Sivi zetu zote zina S.L.P. juu kama urembo. Serikali iliacha kutuandikia barua lakini ikaendelea kutaka kujua itatuandikia wapi.

Sasa nije kwa kile ambacho wale wa mlangoni hawakukibeba.

Kuna mzee mmoja hapa Jericho, mstaafu wa Posta, ambaye huwa nakaa naye jioni akinisimulia mambo ya zamani. Siku moja nilimuuliza barua ya rejista ilikuwa ni nini hasa, maana mimi nilidhani ni barua ya kulipia zaidi tu. Akaniambia nisikilize kwa makini. Barua ya rejista, kila mkono ulioishika uliandika kwamba umeishika. Karani wa dirishani, mtu wa magunia, wa kwenye gari, wa upande wa pili, mpaka mwenye barua anapotia sahihi na kuondoka nayo. Ikipotea, mnafungua vitabu mnarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mnafika kwa mtu ambaye sahihi yake ndiyo ya mwisho. Huyo ndiye atajibu. Alinisimulia hayo akiinua kidole baada ya kidole, kana kwamba bado anahesabu magunia.

Nililala nikifikiria hayo, kwa sababu mwaka jana nilituma maikrofoni ndogo kwa mteja wa Kisii, mali ya shilingi 4,500, kupitia kampuni moja ya mabasi ambayo sitaitaja. Nililipa, nikapewa risiti. Upande wa Kisii wakasema hawajaona mzigo wa jina hilo. Upande wa Nairobi wakasema ulipanda gari. Dereva hakuwa na simu, konda alikuwa amebadilishwa, meneja alikuwa "ametoka kidogo" kwa siku nne. Nilipogeuza risiti nikakuta maandishi madogo kama mchwa: mzigo unasafirishwa kwa hatari ya mwenyewe. Mteja nilimrudishia pesa zake kutoka mfukoni mwangu. Ningefanya nini? Jina langu ndilo duka langu.

Na mimi niliumia kidogo. Kuna dada namjua alipoteza bale nusu ya nguo za watoto, mtaji wa mkopo wa chama, kwa mtindo huohuo. Alienda polisi, akaulizwa alimkabidhi nani. Hakuwa na jina la mtu hata mmoja. Alikuwa na namba ya simu iliyozimwa.

Kisheria, anayebeba vifurushi vya watu kwa malipo anafaa kuwa na leseni kutoka Mamlaka ya Mawasiliano. Wengi wanayo, na kampuni kubwa zina utaratibu wa malalamiko. Lakini mzigo wa mtaani unapita mikono mitano, na kati ya hiyo mitano labda mmoja una leseni. Halafu kuna suala la namba zetu. Kila kifurushi kina jina lako na namba yako kwa maka nyeusi, kinakaa rafuni mtu yeyote akisoma. Madada wanaouza mtandaoni watakuambia ni simu ngapi za usiku wamepokea kutoka kwa watu waliozisoma hapo.

Kuna wale watasema dunia nzima inafunga posta, kwa hivyo tuache. Wanapenda kutoa mfano wa Denmark. Ni kweli, mwisho wa 2025 PostNord iliacha kabisa kusambaza barua huko, kazi ambayo posta ya nchi hiyo ilikuwa ikiifanya tangu 1624. Barua zilikuwa zimeshuka kutoka karibu bilioni 1.4 mwaka 2000 hadi milioni 110 mwaka 2024. Lakini maliza stori. PostNord haikufunga duka. Ilibaki na vifurushi, kwa sababu ndivyo vyenye pesa. Na kabla ya hapo Denmark ilikuwa imeshampa karibu kila raia kisanduku cha barua cha kidijitali cha serikali, lazima kwa sheria tangu 2014, na kila nyumba tayari ina anwani kamili. Wao waliachia ngazi ya zamani wakiwa wameshika ya mpya. Sisi tunataka kuachia tukiwa hewani.

Najua swali linalokuja, nalo ni halali: Posta ina madeni, wafanyakazi wake wamelia mishahara ikichelewa kwa miezi, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ametilia shaka kama inaweza kuendelea kujisimamia. Tumwage kodi zetu humo tena? Mimi jibu langu ni hapana, kama ni kumwaga tu. Sitaki kodi yangu inunue kompyuta za kukaa na vumbi, wala sitaki kampeni ya kutuhimiza tuandikiane barua. Na zaidi ya yote sitaki nisikie asubuhi moja kwamba zile ploti za Posta kwenye mitaa yetu "zimepata mwekezaji". Tunaijua hiyo lugha. Ikishatamkwa, mwaka unaofuata hapo kuna gorofa.

Ninachotaka ni kile kitabu cha sahihi cha yule mzee, kiwekwe kwenye simu. Posta isishindane na nduthi kwa kasi, itashindwa vibaya. Ishike katikati: ipokee mzigo wangu jioni, iandike umetoka kwa nani na umepokewa na nani kila hatua, isibandike namba yangu ya simu juu ya boksi bali alama ya kuskani, na ukipotea inilipe kiasi kinachojulikana bila kunizungusha. Mtu wa nduthi achukue kutoka hapo aupeleke mlangoni, akiwa amesajiliwa hapo kwa jina na kitambulisho, na apate chake. Ajenti wa mtaani naye aunganishwe kwenye kitabu hichohicho badala ya kuonekana adui. Wauzaji wadogo tutalipa soo moja juu kwa furaha, kwa sababu tayari tunalipa zaidi ya hiyo kwa mizigo inayoyeyuka.

Haihitaji nchi nzima siku moja. Buruburu na Eastleigh zinatosha kwa majaribio. Mfungue hadi saa tatu usiku, miezi sita, na mhesabu ni vifurushi vingapi vimepita na vingapi vimepotea, kisha mtuonyeshe hizo hesabu. Karani wa zamu ya jioni anaweza kulipwa na kodi ya masanduku mnayotudai kila Januari. Mimi niko tayari kuwa kwenye laini siku ya kwanza; Alhamisi hii pekee nina maboksi manne, mawili ya Kitengela, moja la Thika, na moja la yule mteja wa Kisii, ambaye amekubali kunijaribu tena.